Rafu ya Chini

Pale mto Pangani unapoingia baharini palikuwa na kijiji cha wanyama kilichoitwa Mkuyuni, kwa sababu ya mkuyu mmoja mkongwe ulioinamia kilindi. Kijiji kilikuwa na nyumba ya vitabu yenye rafu mbili. Rafu ya chini, iliyofikiwa hata na aliyetambaa, ilikuwa ya watoto. Ya juu ilikuwa ya wakubwa, na kila mkubwa alikuwa na kitabu chake pale, kimebandikwa jina lake mgongoni. Mzee Tembo alikuwa na riwaya ndefu ya Tolstoy ya vita na amani, ile inayopita kurasa elfu moja. Bi Korongo, mwalimu mstaafu, alikuwa na Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere. Ngiri alikuwa na Nagona ya Euphrase Kezilahabi. Na Mzee Nungunungu, mwenyekiti wa baraza, ambaye miiba yake ilichongwa kalamu za kijiji kizima, alikuwa na Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951.

Kila Ijumaa baada ya alasiri wakubwa walitandika mkeka chini ya rafu ile, wakanywa kahawa, wakazungumza vitabu. Walizungumza vizuri. Mmoja akitaja dhamira, mwenzake alimjibu kwa falsafa. Mmoja akisema taharuki, wa pili alisema mtindo wa kimajaribio, na kikombe kikazunguka. Watoto waliokuwa wakicheza uani walizisikia sauti zile wakaamini kwamba ukubwa ndio huo: kukaa chini ya kitabu.

Palikuwa na sheria moja. Mtoto aliyeng'oka jino la mwisho la utoto alipandishwa rafu. Alivishwa kofia ya viua, akakabidhiwa kitabu kimoja kutoka juu, jina lake likabandikwa, na tangu siku hiyo mkono wake haukuruhusiwa kugusa rafu ya chini. Aliyeonekana ameinama pale aliulizwa, "Vipi, meno yamerudi?" na swali hilo lilitosha kumnyoosha mgongo.

Msomaji asiwahukumu haraka. Wakubwa wale hawakuwa waongo. Wengi wao walivisoma vitabu vyao kweli, mara moja, darasani, na kila sura ilikuja na swali lake: jadili, fafanua, thibitisha kwa hoja sita. Basi walisoma huku wakisaka hoja sita. Walipozipata walifaulu, na walipofaulu walikifunga kitabu. Kitabu kilichofungwa namna hiyo ni kizito kukifungua, maana kila ukikigusa unasikia kengele ya chumba cha mtihani. Mimi nimewajua watu wengi waliopotezea usomaji wao hapo, watu wenye akili na moyo, na sijapata kumwona hata mmoja aliyeupoteza kwa uvivu.

Mzee Nungunungu alikuwa na mjukuu aliyeitwa Mwiba. Usiku mmoja wa masika mama yake Mwiba alikuwa ng'ambo ya mto akimwuguza dada yake, mvua inapiga makuti, na mtoto hapati usingizi. Akamletea babu yake kijitabu chembamba chenye picha kwenye jalada: kima amepanda mgongoni mwa papa.

"Shikamoo babu. Nisomee hiki."

"Marahaba. Babu yako hasomi vya rafu ile."

"Nitakushikia taa."

Taa ikashikwa. Mzee akakifungua, akakohoa, akaanza sentensi ya kwanza.

"Hujasema paukwa," akasema Mwiba.

Mzee Nungunungu alikuwa amefundisha fasihi simulizi miaka thelathini. Aliweza kukueleza kianzio cha hadithi ni nini, kazi yake ni ipi, na namna kinavyotofautiana pwani na bara. Lakini mdomo wake ulikuwa haujalitamka neno lile tangu alipozikwa bibi yake. Akalitamka. "Pakawa!" mtoto akaitikia kwa kishindo, taa ikatikisika, na vivuli vya miiba vikacheza ukutani.

Hadithi yenyewe inajulikana pwani nzima. Kima alikaa juu ya mkuyu ulioinamia kilindi, akamtupia papa matunda siku baada ya siku, mpaka wakawa marafiki. Siku moja papa akamwalika kwao, akambeba mgongoni. Katikati ya safari, maji yakiwa pande zote, akamwambia ukweli: sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akasema laiti angeambiwa mapema, kwani kima wakisafiri huiacha mioyo yao mtini. Papa akageuza wakaufuate. Kima akarukia tawi, na hakushuka tena.

Mwiba alicheka sana, kama babu yake alivyocheka alipokuwa na umri ule. Mtoto hulicheka jibu la kima. Lakini Mzee Nungunungu alisimama mahali ambapo zamani alipita mbio, na sauti ikamkwama. Aliona jambo ambalo hakuliona akiwa na miaka saba: kwamba papa alikuwa rafiki wa kweli siku zote zile za matunda, na kwamba alimwambia kima siri kabla hawajafika, wakati hakuna aliyemlazimisha. Kima aliokoka kwa ujanja wake, ndiyo, lakini ujanja huo ulipata nafasi kwa sababu papa alishindwa kumaliza safari na uongo kifuani. Mzee Nungunungu alikuwa na rafiki, Kasa wa ng'ambo, waliyeachana kwa sababu ya kiti kile cha baraza. Miaka mingi ilikuwa imepita bila kumfikiria. Na yale maneno ya moyo uliobaki mtini huku mwili unakwenda kuonana na masultani yalimchoma kuliko mwiba wake mwenyewe.

"Babu, unalia?"

"Moshi wa taa."

Mtoto akaisogeza taa kando, akangoja. "Endelea basi."

Wakaendelea mpaka kwa punda wa dobi, yule ambaye simba alimkosa mara ya kwanza, akashawishiwa na sungura, akarudi kwa miguu yake mara ya pili, akaliwa. Mwiba alilala kabla punda hajarudi. Babu alimaliza peke yake, halafu akaanza tena mwanzo.

Wiki ile alisoma vijitabu vinne. Alivisoma kitandani baada ya mtoto kulala, mlango umekomewa, na asubuhi alimrudishia Mwiba avipeleke. Lakini usiku ni mfupi kwa msomaji mwenye njaa, na shauri likamjia: akichukue kitabu chake kikubwa, akipachike kijitabu ndani yake, asome mchana kweupe mbele ya baraza. Alhamisi usiku akaenda nyumba ya vitabu, akapanda juu ya kigoda, akaushika mgongo wenye jina lake. Kitabu kilikuwa kizito kama zamani. Akakifungua.

Karatasi hazikuwepo. Mchwa walikuwa wameula kila ukurasa kutoka ndani, wakaacha jalada na ukingo mwembamba, na kama ilivyo kawaida yao, walipotoboa walipajaza udongo. Ndiyo maana uzito haukupungua. Akashusha Nagona: udongo. Akashusha Juliasi Kaizari: udongo. Kile cha Tolstoy kilikuwa kichuguu kamili chenye vyumba na njia zake. Vilikuwa vitabu kumi na kimoja vya wakubwa kumi na mmoja, na humo mlikuwa hamna sentensi hata moja iliyosalia. Akainama na taa, akaangalia rafu ya chini. Vitabu vya pale vilikuwa vimechanika, vimepakwa uji na wino, kimoja hakina jalada kabisa. Mchwa hakuna. Wao hupenda giza na utulivu, na kitabu ambacho kila siku mkono unaingia na jua linaingia hakiwafai.

Akavirudisha vyote mahali pake, akaenda zake.

Ijumaa tatu alikaa kimya. Alimsikiliza Mzee Tembo akisifu upana wa Tolstoy, Bi Korongo akisifu ufasaha wa Mwalimu, na juu ya vichwa vyao udongo ukitulia katika majalada mazuri. Kusema kungekuwa kukiri mambo mawili: kwamba yeye msomi hakukifungua kitabu chake kwa miaka, na kwamba siku alipokifungua alikuwa anatafuta mahali pa kuficha hadithi ya kima. Alichagua heshima yake. Aibu ya namna hiyo ni nzito, nami simlaumu kwa Ijumaa hizo tatu. Ningemlaumu kwa ya nne.

Kabla ya ya nne, jino la Mwiba liling'oka.

Kijiji kikapika wali wa nazi. Kofia ya viua ikashonwa. Na kwa kuwa mtoto alikuwa mjukuu wa mwenyekiti, ilikubaliwa arithi kitabu cha mwenyekiti mwenyewe. Mwiba aliusubiri wakati huo kwa furaha, ila usiku wa kuamkia sherehe aliuliza swali moja: "Babu, nikishapandishwa, yule kima nitamwona tena?" Mzee hakujibu. Hakulala pia.

Mkutano ulipojaa, Mzee Nungunungu alikishusha Kusadikika, akakishika mbele ya mjukuu wake, na wote wakangoja maneno ya baraka. Akasema: "Mwanangu, usikipokee kabla hujakifungua."

Mwiba akakifungua. Udongo ukamwagika juu ya mkeka na juu ya miguu yake, na mchwa weupe wakatawanyika wakikimbia mwanga.

Kwanza hakuna aliyenyanyuka. Kisha Ngiri akaenda rafuni, kisha Bi Korongo, kisha wengine, na udongo ukaongezeka sakafuni. Mzee Tembo hakukifungua chake. Alikipima kwa mkonga, akakiweka chini taratibu, akaketi karibu nacho kama afanyavyo mfiwa.

"Hili ni kosa la mchwa," akasema Bi Korongo, sauti ikitetemeka, "na la mtunza vitabu."

Mtunza vitabu alikuwa Bi Kima. "Mwalimu wangu," akajibu kwa adabu, "rafu zote mbili nazifagia mimi, kwa ufagio mmoja. Vya chini mchwa hawakuvigusa."

Ngiri akakasirika. "Kwa hiyo tufanye nini? Turudi kwenye sungura na fisi? Watu wazima?"

Hapo ndipo Mzee Nungunungu aliposema yote: mvua, taa, vijitabu vinne, kigoda, Ijumaa tatu. Alipomaliza kukiri alirudi kuwa mwalimu, na nadhani lilikuwa somo lake bora.

"Hadithi ya kima na papa," alisema, "iliandikwa Unguja kutoka vinywani mwa watu wazima. Mmisionari Edward Steere aliikusanya pamoja na nyingine, akazichapisha London mwaka 1870. Waliomsimulia ndio waliokuwa nayo, na wao pia waliipokea. Zaidi ya miaka elfu moja kabla yake, katika karne ya 8, Mwajemi aitwaye Ibn al-Muqaffa aliitia katika Kiarabu ndani ya Kalila wa Dimna, na kabla ya hapo ilikuwa kwa Waajemi, na kabla ya Waajemi ilikuwa India, katika kitabu ambamo mzee mmoja mwenye hekima anawafundisha wana watatu wa mfalme jinsi ya kutawala. Punda asiye na moyo wala masikio alikuwa humo. Kima aliyeuacha moyo mtini alikuwa humo. Kule India aliyembeba ni mamba. Kwa Waarabu ni kobe wa majini. Huku kwetu ni papa."

Mzee Kobe, ambaye wote walidhani amelala, akafumbua jicho. "Kumbe tulikuwa sisi?"

"Mlikuwa ninyi, mzee wangu. Hadithi hii ilivuka bahari ili wafalme wasiwe wapumbavu. Haikuzaliwa rafu ya chini. Sisi ndio tulioishusha, siku tulipoanza kuona aibu kufurahi."

Ngiri alinyamaza. Bi Korongo aliondoka bila kuaga.

Sitaeleza kila mmoja alisoma nini miezi iliyofuata. Mzee Tembo alicheka na Abunuwasi mpaka majani yakapukutika, na alishangaa kuambiwa kwamba Abu Nuwas alikuwa mshairi wa kweli wa Baghdad, mtu wa zama za Harun al-Rashid, kabla pwani yetu haijamfanya mjanja wa hadithi. Bi Korongo alirudi baada ya wiki mbili, akaazima Mwana Mdogo wa Mfalme bila kumtazama mtu usoni. Alikuwa mjane. Kitabu hicho Antoine de Saint-Exupéry, rubani wa Kifaransa, alikitoa New York mwaka 1943, nchi yake ikiwa mikononi mwa Wajerumani, na mwaka uliofuata ndege yake ilipotea asirudi. Alikitabaruku kwa rafiki yake mtu mzima, akawaomba watoto radhi kwa kufanya hivyo. Bi Korongo alikaa na ukurasa huo wa tabaruku siku nzima. Ni kitabu cha mtu aliye mbali na kwao, aliyepoteza mengi, naye hakupata mahali pengine pa kuyaweka ila katika habari za mtoto mmoja na ua lake.

Aliyenifundisha mimi zaidi ni Fisi. Alisoma vijitabu vyote vya sungura vilivyokuwepo, na Ijumaa moja akaomba kusema.

"Katika hivi vyote mimi ni mlafi, tena mjinga. Nilipokuwa mdogo nilicheka pamoja nanyi, nikidhani ni Fisi mwingine. Safari hii nimeona kitu. Karibu kila hadithi yangu inaanza siku ya njaa. Kiangazi kimekuja, chakula hakuna, ndipo Sungura ananijia na shauri. Mnacheka ninavyolimeza shauri. Hakuna aliyeuliza nilikula lini mara ya mwisho."

Baraza lilikaa na swali hilo mpaka adhana ya magharibi. Walizungumza njaa, walizungumza werevu unaokula migongoni mwa wenye njaa, na Sungura, aliyekuwepo, aliomba radhi kwa jambo la zamani ambalo si hadithi. Neno dhamira halikutajwa. Nimehudhuria mijadala mingi ya fasihi, mingine yenye vipaza sauti na vyeti, na sikumbuki mmoja uliomwingia mtu kama ule.

Watu huuliza mtu mzima anapata nini katika kitabu cha mtoto. Anapata mwandishi aliyelazimika kuwa mwaminifu. Mkubwa akichoshwa huvumilia kwa sababu ya jina la mwandishi. Mtoto akichoshwa hukiacha kitabu kifudifudi akaenda kucheza. Anayemwandikia mtoto anajua hilo kila sentensi. Haruhusiwi kujificha nyuma ya maneno, na kama ana huzuni lazima aitie ndani ya kitu kinachoshikika, mti, taa, samaki. Sisi wazima tuna haja na uaminifu huo kuliko watoto, kwa kuwa tumedanganywa kwa muda mrefu zaidi.

Mvua za vuli zilipokaribia, Bi Kima alikwenda Tanga kwa dau, akarudi na nakala mpya za vitabu vikubwa. Usiku ule ule Mwiba alishika taa, babu akafungua Kusadikika, akasema paukwa. Wakaingia katika nchi iliyoko angani, wakamkuta Karama amesimama mbele ya mfalme kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria, na Waziri Majivuno akimshitaki. Karama akajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, mashariki na magharibi, kaskazini na kusini, mbinguni na ardhini, wakarudi na mema kwa nchi yao na malipo yao yakawa kifungo.

Mzee Nungunungu aliweka kitabu magotini. Wajumbe wale aliwajua kwa majina tangu ujana. Alikuwa amewageuza hoja sita, akapata alama zake, na hakuwahi kumsikitikia hata mmoja wao.

"Kumbe hii nayo ni hadithi," akasema Mwiba.

"Ni hadithi."

"Mbona walisema ni ngumu?"

Mzee alifikiri kidogo. "Tulikuwa tunaisoma tumesimama, mwanangu."

Asubuhi yake alichuma makuyu yaliyoiva, akajaza kikapu, akampa mvuvi ampelekee Kasa wa ng'ambo. Kasa alikuja mwenyewe Ijumaa iliyofuata, akakaa mkekani, akaulizwa anasoma nini.

Rafu zile mbili Bi Kima alizivunja. Akapiga moja ndefu kuzunguka chumba kizima, kwa kimo cha mkono wa mtoto, akavipanga vitabu kwa herufi za majina ya waandishi. Robert, Saint-Exupéry na Steere wamekaa bega kwa bega karibu na mlango. Pale kwa Robert pana pengo sasa: Kusadikika imeazimwa, na katika daftari la Bi Kima mbele yake yameandikwa majina mawili, la Mwiba na la babu yake.